Kikao cha Ijumaa Bila Dada

Tangu dada aliyeongoza vikao vyetu ahamie Bukoba, hakuna aliyetaja kosa hata moja. Tuko watano hapa Kayanga, tunatengeneza programu ya simu ya wakulima wa kahawa, na kila Ijumaa tunajadili kazi ya wiki nzima.

Dada alikuwa akimwambia bosi, “Mzee, nenda katuchemshie chai. Ukibaki, hawa watakupa shikamoo tu.” Bosi alicheka, akatoka. Kila aliporudi alikuta makosa yetu, na yake pia, ubaoni.

Siku hizi anabaki, nasi tunamsifu. Ninavyomkumbuka yule dada! Jumatatu programu inapelekwa Nyakasimbi, na mtandao ukikatika inafuta majina ya wakulima. Ninajua, na bado sijasema.