Tulivyoagizwa Kufiwa Upya

Mvua zile zilipoanza kuangusha nyumba za watu, kiongozi wetu mkuu alifanya kazi sana. Mimi ninajua, kwa sababu redio ya jirani yangu wa meza pale sokoni Mwigobero, Musoma, haikutuficha kitu. Asubuhi alipokea taarifa ya mvua. Mchana alipokea mabalozi, nao wakampa pole ya mvua. Jioni akakutana na wale waliompa taarifa asubuhi, akawaagiza wakaandae taarifa. Sisi muda huo tumekaa na dagaa wabichi walioanza kunuka, maana dagaa asipopata jua ni chakula cha kuku, tunasikiliza jinsi mwenzetu anavyochoka.

"Leo amepokea nini?" mwenzangu mmoja akauliza, huku anafunika dagaa wake na nailoni.

"Taarifa."

"Na jana?"

"Taarifa."

"Mh. Basi ghala lake limejaa huyo. Angetuuzia hata debe moja."

Tulicheka, lakini kupokea nako ni kazi. Mimi nimepokea wageni maisha yangu yote na mgongo wangu unajua.

Majina ya watu wa habari hii ninayo yote kichwani, hata la dereva wa gari lililoleta viti, na la baba yake pia. Shule niliishia darasa la nne, lakini majina sikuyaacha kule. Ila kuna majina ukiyaandika yanakuja kugonga hodi. Wabaki hivyo hivyo, wenyewe wanajijua.

Katika mvua hizo mdogo wangu wa kike alifiwa na mumewe. Yeye aliolewa huko ndani kidogo ya Kiabakari, kwenye barabara ya kwenda Butiama. Ukuta ulilowa, ukamwangukia shemeji yangu akiwa anahamisha magunia ya mtama yasilowe. Tulimzika, tukakaa msiba, tukamaliza. Shemeji mkubwa, kaka wa marehemu, ndiye aliyezima moto wa msiba na kwenda kumwaga majivu mbali. Kwetu moto ule ukishazimwa na majivu yakishatupwa, umekwisha. Ukiwashwa tena pale pale bila maiti, unakuwa umeita. Na kitu ulichokiita kinakuja.

Mdogo wangu akabaki bila mume na bila nyumba. Alilala kwenye jiko la jirani, katikati ya kuni na mbuzi mmoja mwenye kikohozi. Jirani alikuwa mwema, lakini wema una mlango mdogo. "Dada," mdogo wangu aliniambia, "mimi sikatai kufa. Lakini nisije nikafa mgeni kwenye jiko la mtu. Nataka mlango wangu, hata kama ni wa turubai." Watoto wake ni wa kike, wote wameolewa mbali. Mimi mwenyewe napanga chumba kimoja Kigera, nilimwambia aje tubanane, akakataa. Alisema akiondoka pale, shamba la mumewe litapata wenyewe wapya kabla mahindi hayajabeba.

Basi redio ikatangaza kwamba kiongozi wetu ameacha kupokea, sasa anatoka. Atapita Bunda, Butiama, na kumalizia Musoma, kufariji wahanga. Nikapanda gari kwenda kwa mdogo wangu nikaone watakavyomwandaa kwa mgeni, maana nilijua nyumba yake iliyoanguka inaonekana vizuri kutoka barabarani.

Sikukosea. Nilimkuta afisa mmoja kijana, suruali ameikunja hadi magotini, anaizunguka ile nyumba iliyoanguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Nyumba ilimpendeza. Kilichomuudhi ni sisi.

"Bibi, mbona hapa hakuna msiba?"

"Ulikwisha, baba," mdogo wangu akamjibu.

"Umekwisha vipi wakati kiongozi hajafika?"

Shemeji mkubwa alikuwepo, amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Akakohoa. "Kwani alituambia tumsubiri?"

"Mzee, mheshimiwa ana majukumu ya taifa zima. Ratiba yake ya hapa ni kesho. Hawezi kuja kufariji watu wanaopalilia mahindi. Tutaleta turubai, viti, nyinyi mkae chini, akina mama walie kidogo, moto uwake. Dakika chache tu."

"Moto hapana," shemeji akasema.

"Ni kwa ajili ya picha tu, mzee."

"Kifo hakijui picha, mura. Kinaona moshi."

Kijana akahama kwa shemeji, akahamia kwa mdogo wangu. Akaongea taratibu, kama mtu anayemvuta ndama. Kwamba kiongozi akiona kwa macho yake, ataagiza. Akiagiza, nyumba itajengwa. Asipoona, basi kuna wahanga wengi huko mbele ambao misiba yao bado ni mibichi.

Mdogo wangu aliangalia lile jiko la jirani. Halafu akasema, "Turubai lete. Turubai si moto. Lakini kuni zenu zikae kwenye gari."

Kesho yake gari lilikuja mapema. Wakafunga turubai, wakapanga viti, na kimoja kikubwa chenye kitambaa. Wakatuweka chini kwenye mkeka, mimi na mdogo wangu, nguo zetu za msibani tumezivaa kwa mara ya pili kama sare. Shemeji mkubwa alikwenda kufunga ng'ombe. Alipogeuza tu mgongo, yule afisa akawaambia vijana wake hapa pamepoa mno, wakawasha moto. Kuni zenyewe zilikuwa zimelowa. Ukapanda moshi mnene, ukasimama juu ya mji ule kama mtu anayeita kwa mikono miwili.

Kijana yule hakuwa wa kwetu, la sivyo angejua kinachofuata. Watu wa vilima vya upande ule hawasubiri simu. Walitazama, wakaona turubai na moshi kwenye mji ule ule ambao baba ameshazikwa. Wakapiga hesabu, na hesabu yao ilikuwa nzuri tu: aliyebaki pale ni mmoja. Amemfuata mumewe.

Kwanza tukasikia mayowe ya wanawake kutoka upande wa mto. Kwetu msiba hauingiwi kimya, unalia kuanzia njiani ili marehemu ajue umekuja. Wakatokea, mmoja baada ya mwingine, vikapu vya unga wa muhogo kichwani, mikono juu. Nyuma yao wanaume, majembe begani, tayari kuchimba. Afisa alifurahi mpaka akasahau matope. "Safi sana akina mama! Endeleeni hivyo hivyo!"

Aliyetangulia alikuwa mama mmoja ambaye yeye na mdogo wangu walikuwa hawasalimiani tangu mambo ya kuku aliyekula mbegu. Alikuja akilia kwa sauti ya kupasua mawe: "Yuko wapi rafiki yangu! Mwanamke asiyekuwa na kinyongo! Nani sasa atanipa mbegu!" Akajitupa kwenye mkeka, mikono ikamkuta mdogo wangu shingoni. Akamtazama.

"Wewe si umekufa?"

"Bado."

"Sasa nimemlilia nani?"

"Waulize hao wenye viti," mdogo wangu akamwambia. "Lakini hilo la kinyongo nimelisikia, usije ukalirudisha."

Hakuna aliyejua afanye nini. Huwezi kufika msibani ukageuka na unga wako kichwani, ni mkosi. Na huwezi kumlilia mtu anakuangalia. Wakaona bora waendelee, kila mmoja akimlilia mtu wake wa zamani. Mimi nikamlilia marehemu mume wangu, nafasi yenyewe ikiwa imejileta.

Kwenye hali hiyo ndipo msafara ukafika. Ulikuwa umechelewa. Bunda walikuwa na wahanga wao na kwaya mbili. Magari yakasimama hadi kule tusikoona mwisho, na kiongozi wetu akashuka.

Nitasema ukweli, alikuwa amechoka. Macho yalikuwa ya mtu ambaye tangu alfajiri ameshika mikono ya watu wasiojulikana. Alikuja mpaka mkekani, akainama. Wasaidizi wakamkazia macho mtu wa ratiba, mtu wa ratiba akaikazia macho saa.

"Poleni sana. Marehemu ni nani wenu?"

Mama wa kuku akamwonyesha mdogo wangu kwa kidole. Mwingine akanionyesha mimi. Mmoja, Mungu amsamehe, akamwonyesha yule afisa.

"Mheshimiwa," mdogo wangu akasema, "marehemu ni mume wangu. Tulimzika zamani kidogo. Hawa wamekuja kunililia mimi."

Kiongozi akageuka kumtazama afisa. Afisa akatazama buti zake. Zilikuwa na mengi ya kutazama.

"Na nyumba yako iko wapi, mama?"

"Ndiyo hiyo umeegemea, mheshimiwa."

Kweli, mkono wake ulikuwa kwenye kipande cha ukuta kilichobaki. Akauondoa polepole, ukiwa na udongo. Alitaka kusema kitu, midomo ilifunguka, na kwa muda mfupi nikadhani atakaa kwenye mkeka kama mtu. Lakini mtu wa ratiba alishamsogelea sikioni. Butiama wanasubiri, na mgeni mkubwa hapitagi huku bila kwenda Butiama.

"Hili lifanyiwe kazi," kiongozi akasema. Msaidizi akarudia: "Lifanyiwe kazi." Afisa naye akarudia, kwa sauti kubwa kuliko wote. Wakapanda magari. Kile kiti chenye kitambaa hakikukaliwa na mtu. Afisa na vijana wake wakaruka kwenye gari lao kuwahi msafara, turubai wakaliacha lilivyo.

Tukabaki sisi. Moto unawaka. Watu wamejaa. Wanaume wameshika majembe, na hakuna maiti. Mdogo wangu akajivuta mwisho wa mkeka, mbali na moto, na sikuwa na haja ya kumuuliza. Moto ulikuwa umeita, na aliyekuwa ameshaliliwa ni yeye.

Shemeji mkubwa, ambaye tangu moshi upande alikataa kusogea, akatoka zizini. Aliangalia moto muda mrefu. Halafu akachukua sufuria letu kubwa, akalijaza maji, akalibandika juu ya ule moto kwa mkono wake. Watu wakashusha pumzi wote pamoja. Moto wa msiba hauwekewi chungu. Ukishauwekea, ni wa jikoni.

"Unga mliokuja nao mpeni huyo mama apike," akasema, akinionyesha mimi. "Na nyinyi wenye majembe. Jembe lililotolewa nyumbani kwa ajili ya msiba linarudi kavu?"

"Halirudi," wakajibu.

"Basi chimbeni. Ardhi inataka kuchimbwa leo, msipoipa shimo itajitafutia. Chimbeni msingi wa nyumba."

Na wakachimba. Siku ile msingi, siku zilizofuata miti, fito, kukanda udongo. Maji ya kukandia hatukuyatafuta, ndiyo yalikuwa mengi nchi nzima. Mama wa kuku alikanda kuliko wote, sijui ni huzuni au aibu. Turubai la serikali likawa paa kwa muda. Mimi nilibaki kupika, dagaa wangu wakaozea Musoma. Na hata ningekuwepo wasingenisaidia, maana wenzangu walisema siku ya mgeni waliondolewa Mwigobero na meza zao, asije akanusa wanachokula wananchi.

Redio ilitutangaza. Ilisema kufuatia agizo la kiongozi, ujenzi wa nyumba za wahanga umeanza kwa kasi. Shemeji akaangalia mikono yake, akasema kumbe ndiyo kasi hii.

Tukiwa tunakandika ukuta wa mwisho, afisa akarudi. Safari hii amekuja na mtu wa kamera, na hasira kidogo juu ya turubai. Shemeji akamwambia turubai la msiba linafunguliwa na aliyelifunga, naye lazima alete mbuzi na alale hapo. Habari ya turubai ikaisha.

"Basi bibi," akamwambia mdogo wangu kwa upole, "simama hapa mlangoni, useme tu unamshukuru mheshimiwa kwa nyumba."

Mdogo wangu alikuwa amebeba udongo mikono miwili, umemjaa mpaka kwenye viwiko.

"Nitamshukuru," akasema. "Alinipa pole, na pole yake niliiona ni ya kweli. Wewe sogea kwanza, mwanangu. Hapo uliposimama ni ndani kwangu."