Tulivyopandisha Wodi Mlimani

Jumanne ilikuwa siku ya kliniki ya watoto. Kina mama walianza kufika kabla jua halijapasha bati la kituo, wengine wakakaa kwenye mabenchi, wengine kwenye mchanga, kila mmoja na mtoto wake na kadi ndani ya mfuko wa nailoni. Mzani ulining'inia kwenye boriti ya baraza. Bakari, mhudumu wa kituo, alipima, mimi niliandika, na kila mtoto aliyepiga kelele kwenye mzani Bakari alimwambia mama yake, "Huyu atakuwa mwenyekiti wa kijiji. Ameshaanza kupinga." Ulikuwa utani uleule kila Jumanne, na kila Jumanne watu walicheka.

Nikiulizwa jinsi maisha yalivyokuwa kabla ya yote, siku kama hiyo ndiyo inayonijia.

Kituo chetu cha afya kilikuwa bondeni, chini ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Ukisimama mlangoni uliuona Mto Ruvuma kama mstari wa kijani, na ng'ambo yake Msumbiji. Nyuma yetu mlima ulisimama wima, na njia ya miguu ikiupanda kupitia mikorosho na vichaka hadi juu, mwendo wa saa mbili kwa mtu asiye na mzigo. Barabara ya gari ilizunguka mbali.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, ajira yangu ya kwanza. Mimi ni mzaliwa wa Lisekese, Masasi, nyumbani kwetu tunaongea Kiyao. Kimakonde sikukijua zaidi ya salamu. Aliyenipokea alikuwa muuguzi mfawidhi wa kituo, Mama Fidelis. Sisi tulimwita Matroni, ingawa cheo hicho ni cha hospitali kubwa, na yeye aliacha tu tumwite. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na alitembea haraka kiasi kwamba wagonjwa walimtambua kwa hatua zake. Juma langu la kwanza alinilaza kwake, chumba cha binti yake aliyekuwa shule, na kila jioni wakati wa kuchambua mboga alinifundisha kuuliza kwa Kimakonde: wapi panauma, tangu lini, umekunywa maji?

Mwezi wa pili nilishindwa kumwekea mtoto dripu. Nilichoma mara tatu, mshipa ukapotea mara tatu. Mama wa mtoto akaanza kunifokea mbele ya wodi nzima. Matroni alikuja akakaa kando yangu kitandani. Nilidhani atanipokonya sindano. Akaishika tu mikono yangu mpaka ikaacha kutetemeka, kisha akamwambia yule mama, "Dada, macho yangu yanazeeka. Siku moja nitastaafu, na huyu ndiye atakayekutibia wajukuu. Mwache ajaribu mara moja zaidi, mimi nipo." Mara ya nne mshipa ukapatikana.

Baadaye alinipeleka stoo, akafunga mlango, akanieleza kosa langu lote kuanzia nilivyofunga mkanda wa mkono. Alinisema kweli, sikuonewa huruma. Lakini aliyasema stoo. Hakuna mfanyakazi aliyewahi kusemwa na Matroni mbele ya mgonjwa.

Mwaka uliofuata moshi ulianza kuonekana ng'ambo ya mto.

Mwanzoni tulidhani ni watu wanachoma mashamba. Kisha wakaanza kuvuka, wanawake kwanza, na watoto, na masufuria kichwani. Walikuwa Wamakonde kama wa upande wetu, wengine wana mashangazi na wajomba hukuhuku. Walieleza kwa maneno machache. Watu wenye silaha walikuja, nyumba zikachomwa, fulani hakutoka. Tulifunga vidonda na kugawa dawa za malaria. Bakari akawa anatoa kitanda chake kwa wagonjwa na kulala kwenye mkeka.

Miongoni mwao alikuwepo Lusia, mjamzito, mumewe hajulikani alipo. Matroni alimweka wodini wiki mbili kabla ya siku zake kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Alijifungua mtoto wa kike asubuhi moja, jua likichomoza. Msimu wa korosho ulikuwa umeanza, na harufu ya mabibo, matunda ya mkorosho, ilijaa mpaka ndani ya chumba cha kujifungulia. Bakari alikwenda kuwatangazia wagonjwa wengine kana kwamba mtoto ni wake.

Saa nne asubuhi ile tukasikia milio ya bunduki upande wa mtoni.

Ilikuwa mikavu na ya haraka. Kisha ikanyamaza. Kisha ikaanza tena, karibu zaidi.

Watu walipita kituoni wakikimbia. Mmoja alipaza sauti bila kusimama, "Wamevuka! Wapo kijijini!"

Gari letu la wagonjwa lilikuwa limekwenda Newala tangu alfajiri.

Matroni alitoka barazani, akatazama kijiji. Paa la kwanza lilikuwa linawaka. Aligeuka akasema kwa sauti ileile ya chini, "Tunapandisha wodi. Njia ya mlimani. Fungeni mashuka kwenye miti, asiyeweza kutembea abebwe."

Wagonjwa walikuwa tisa.

Mimi nilikimbia.

Sina namna nzuri ya kuliandika hilo. Wengine walipoingia wodini, mimi nilitoka kwa mlango wa nyuma. Nilipita choo, nikapita bomba, nikaingia kwenye mikorosho na kuendelea mbele. Sikumfikiria mgonjwa yeyote. Nilianguka kwenye shimo la taka za shamba, nikabaki humo, uso kwenye majani.

Nilipojaribu kujikunja zaidi, kitu kilinichoma pajani.

Ulikuwa ufunguo wa kabati la dawa. Siku ile zamu ya dawa ilikuwa yangu.

Nikakumbuka kwamba sindano ya kuzuia damu kwa wazazi imo kabatini, na Lusia alikuwa amejifungua saa chache tu zilizopita. Watu huniambia nilirudi kwa ushujaa. Nilirudi kwa sababu ya ufunguo. Ungekuwa mfukoni mwa mtu mwingine, sijui kama ningetoka mle shimoni.

Nilimkuta Matroni chumba cha kujifungulia. Damu ilikuwa sakafuni. Alikuwa anamkanda Lusia tumbo kwa mkono mmoja, kwa nguvu, jasho linamtoka.

Aliniangalia mara moja.

"Umerudi. Haya, fungua kabati, mwanangu."

Nilivuta dawa, nikachoma. Mikono haikutetemeka. Tulihesabu pumzi za Lusia, risasi zikilia nyuma ya ukuta. Damu ikapungua.

"Tumbebe," Matroni akasema.

Tulipanda. Wahudumu wawili na ndugu wa wagonjwa walibeba machela za mashuka. Mimi nilishika upande mmoja wa machela ya Lusia, mtoto nimemfunga kifuani kwa khanga. Bakari alimbeba mgongoni mzee mwenye mguu uliovunjika. Njia ilikuwa na mawe yanayoteleza, na hapakuwa na tone la maji.

Katikati ya mlima tulipumzika nyuma ya mwamba. Matroni alihesabu. Akahesabu tena.

Wanane.

Aliyekosekana alikuwa bibi mmoja asiyeona, aliyelazwa kwa homa ya mapafu. Mjukuu wake alikuwa amempeleka chooni milio ilipoanza. Mjukuu alikuwa pale mwambani na sisi. Alikuwa amekimbia kama mimi, ila yeye hakuwa na ufunguo.

Bakari alimlaza mzee chini taratibu. Akafuta jasho.

"Mama, nirudi?"

Matroni alitazama bondeni. Kutoka pale tuliona moshi, lakini kituo kilikuwa bado kizima. Bakari alikuwa na miguu ya haraka kuliko sote. Mteremko bila mzigo ulikuwa dakika ishirini kwake.

Matroni aliitikia kwa kichwa.

Bakari alishuka akiruka mawe. Hakugeuka.

Tulifika juu saa nane mchana. Watu wa kijiji cha kwanza walitupokea kwa maji, na huko uwandani maji ni kitu cha kununua na kuchota mbali. Lori la korosho likatupeleka hospitali, Newala. Wote wanane walifika hai, na kichanga cha Lusia kikawa cha tisa. Matroni hakuingia ndani. Alikaa kwenye kidaraja cha mbele ya hospitali, akitazama njia, mpaka jua lilipozama na baada yake.

Kesho yake askari wetu walifika bondeni, na mchana walimleta yule bibi. Alikuwa hai. Alikuwa na majani kwenye nywele na hakutaka kumwachia mkono askari aliyemleta. Matroni alipiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye Matroni? Nazijua hatua zako."

"Ndimi, Bibi. Na Bakari?"

Bibi alieleza polepole. Bakari alimtoa chooni, wakafika kwenye kichaka, kisha sauti za watu zikawa karibu mno. Alimlaza chini, akamfunika kwa majani.

"Akaniambia, Bibi, usikohoe. Halafu nikamsikia anakwenda upande wa tangi la maji, anakanyaga majani makavu kwa nguvu. Mtu anayejificha hakanyagi vile." Alinyamaza. "Kifua kilikuwa kinanibana. Lakini sikukohoa."

Askari walimkuta Bakari kando ya tangi.

Kwao ni Tandahimba. Tulikwenda baada ya mazishi, Matroni na mimi. Yeye Mkristo, mimi Mwislamu, tukakaa kwenye jamvi pamoja na wanawake wa matanga. Mama yake Bakari alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu kama mwanawe. Matroni alimpa pole, kisha akasema kile nilichokuwa nikiomba asiseme.

"Mama Bakari, mimi ndiye niliyemruhusu arudi. Aliniuliza, nikakubali. Nimekuja ulisikie kwangu."

"Alikuuliza?" mama yake akasema.

"Aliniuliza."

"Hapa nyumbani hakuwahi kuuliza. Tangu akiwa mdogo. Alikuwa anakwenda tu." Alitazama mikono yake. "Basi alikuheshimu sana."

Matroni alilia pale, mara ya kwanza mimi kumwona akilia, na mama wa marehemu ndiye aliyemshika bega.

Miezi iliyofuata tulifanya kazi hospitalini Newala, sisi wa bondeni, tukingoja kituo kifunguliwe. Kila Ijumaa alasiri Matroni alitukusanya chumba cha chai. Hakukuwa na ajenda. Aliyetaka kusimulia alisimulia, aliyetaka kunyamaza alinyamaza, na Matroni aliyegawa maandazi ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Mhudumu mmoja aliacha kazi, akarudi kulima. Matroni alimwandikia barua nzuri ya kumsifu, akamsindikiza mpaka stendi, hakumwambia abaki.

Mimi nilikaa Ijumaa nne bila kusema. Ya tano nilimfuata stoo, nikafunga mlango mwenyewe.

"Matroni, siku ile nilikimbia. Nilikuwa naondoka kabisa."

"Najua. Nilikuona mgongo."

"Katika ripoti uliandika nini?"

"Niliandika kwamba Lusia alitokwa damu nyingi, ukafungua kabati, ukamchoma sindano, akapona. Ndivyo ilivyokuwa." Aliendelea kupanga gozi, vitambaa vya kufungia vidonda, kwenye rafu. "Woga nao uliukuta mwilini mwako siku ile, hukuuleta wewe. Sasa unaujua. Utakapokuwa na wauguzi wako, usiwadai wasiogope. Wape kazi ya kufanya na mikono."

Nililia mpaka nikachoka. Alinipa gozi za kukunja.

Miaka imepita. Sasa nasimamia wodi ya wazazi Masasi, na wauguzi vijana wananiita Mama Bakari, kwa sababu mwanangu wa kwanza nilimpa jina hilo. Lusia alirudi kwao na bintiye hali ilipotulia. Alinipigia simu mara mbili, kisha namba ikawa haipatikani. Yule bibi aliishi mwaka mmoja zaidi. Kituo kilifunguliwa tena, kimepakwa rangi, na wahudumu wake ni watu nisiowajua.

Matroni amestaafu, yuko Newala na mikorosho yake. Mkono wa kulia unamtetemeka, daktari hajapata sababu. Msimu uliopita nilikwenda kumsaidia kuokota. Tukiwa tumeinama, kila mtu na kikapu chake, nilimuuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba miaka yote.

"Matroni, leo ungemkubalia Bakari tena?"

Aliokota korosho kadhaa kabla ya kujibu.

"Kuna asubuhi naamka nimekubali. Kuna asubuhi naamka nimemkataza, nimemshika shati, tunapanda sote. Siku hizo napika chai nikiwa na furaha kabisa, mpaka nakumbuka." Alijinyoosha mgongo. "Bibi alikuwa mtu, Zainabu. Na Bakari alikuwa mtu. Sikupata hesabu nyingine."

Nilichukua kikapu chake, kilikuwa kimeshaanza kuwa kizito kwa mkono ule, nikakibeba pamoja na changu. Tukahamia mstari wa pili wa mikorosho, naye akaanza kunieleza habari za Bakari alivyokuwa siku ya kwanza kuripoti kazini, amevaa tai ya kuazima, hajui hata kupima joto.