Miraba Tisini na Sita

Wenzake kazini walimwita Kiraka, naye akawa anaitika. Kwa miaka kumi na saba alikuwa fundi wa kurekebisha nguo katika chumba cha kufulia cha hospitali: shuka zilizochanika katikati, magauni ya wagonjwa yaliyokatika kamba, foronya zilizolika kwa dawa ya kuondolea madoa. Alipozima cherehani saa kumi jioni, mabega yalikuwa yamemkaza, na kitu cha mwisho alichotamani kukiona ni sindano.

Nyumbani nako sindano zilimngoja. Dada yake mkubwa, baada ya kufiwa na mume, alihamia kwake na kitanda cha mtu mmoja, sufuria mbili na boksi lililofungwa kwa kamba. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi, hata kikombe alikishika kwa viganja. Boksi lilikaa chini ya meza miezi minne, mpaka siku moja akaomba lifunguliwe.

"Mdogo wangu, humo mna kazi tano," alisema. "Sitaki nikifa watu wafungue waseme huyu alikuwa hamalizi kitu."

"Kwani dada, huwa unamaliza?"

"Simalizi. Ndiyo maana sitaki waseme."

Kiraka alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza, maana Dada alikihesabu kuwa ndiyo.

Kweli Dada alikuwa hodari wa kuanza. Kitambaa cha meza alikitarizi vikonyo na majani, maua akayaacha. Foronya zilikuwa mbili: moja ilipata herufi ya mumewe, ya pili haikupata ya kwake mwenyewe. Kulikuwa na mto wa kiti usio na mgongo, sweta la kijani lenye mkono mmoja, na chini kabisa, ndani ya mfuko wa unga, miraba ya kroshia ya tandiko la kitanda.

Basi kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Kiraka alikaa karibu na dirisha akashona, na Dada akakaa mbele yake akisimamia.

"Hilo ua umelinyonga shingo."

"Dada, nimeamka saa kumi na moja alfajiri."

"Sikatai. Lakini ua limenyongwa."

Kiraka alifumua, akarudia. Maua yalikula wiki tano, foronya na mto wiki tatu. Sweta lilimtoa jasho, kwa sababu uzi wa rangi ile haukupatikana tena dukani, na mkono wa pili ukatoka kijani kilichokoza kuliko mwenzake. Lilikuwa la mtoto wa Dada, lililoanzwa akiwa darasa la tano. Sasa mtoto mwenyewe alikuwa dereva wa lori mwenye ndevu. Alipopita Jumapili kuwasalimu alijaribu kulivaa, likagoma masikioni.

"Mama, ulichelewa kidogo tu," alisema kwa sauti iliyofunikwa na sufu, na Dada akacheka mpaka akajifuta machozi. Mwanawe akalikunja akaondoka nalo, akisema litamfaa binti yake.

Ikabaki miraba. Wiki hiyo Kiraka alisinzia kazini mguu ukiwa kwenye cherehani, akashona mikono miwili ya gauni la mgonjwa ikawa mmoja. Msimamizi alilishika gauni, akaligeuza huku na huku.

"Kiraka, unaumwa?"

"Siumwi. Nimechoka."

Neno hilo hakuwahi kumwambia mtu. Alirudi nalo nyumbani likimzunguka kichwani. Alipofungua mlango alikuta Dada ameipanga miraba yote sakafuni, akiisogeza kwa kiwiko.

"Ipo tisini na sita. Inatakiwa mia na arobaini. Imebaki arobaini na minne tu."

Kiraka aliketi na mkoba wake ungali begani. "Dada, hiyo sitaifuma."

"Si lazima leo."

"Si leo, si kesho. Nimechoka, dada. Nashona kutwa nzima, nakuja hapa nashona tena. Sina mkono wa tatu."

Dada aliikusanya miraba polepole, mmoja mmoja kati ya viganja, na Kiraka hakuinuka kumsaidia. Siku mbili walisalimiana tu na kupitishiana chumvi. Kiraka aliona vibaya, ila hakurudisha neno lake.

Siku ya tatu Dada alianza mwenyewe. "Mia na arobaini ilikuwa hesabu ya kitanda cha watu wawili."

"Enhe."

"Hiki changu ni cha mtu mmoja."

Waliipanga upya sakafuni, minane kwa kumi na miwili, wakaitazama. Hakuna mraba uliozidi.

Kuiunganisha kuliwachukua mwezi, kwa sababu Kiraka alishona Jumamosi peke yake, na Dada alikubali. Yeye alizibana kingo mbili kwa viganja vyake, Kiraka akapitisha sindano katikati. Waliongea kidogo. Ua lililonyongwa halikutajwa tena.

Jumamosi ya mwisho, mchana, Kiraka alikata uzi kwa meno, wakalitandika tandiko kitandani. Lilikuwa fupi upande wa miguuni. Dada alilala juu yake kulipima.

"Nyayo zinabaki nje."

"Vaa soksi."

Kiraka alikuwa amedhani siku hiyo atafurahi. Alichosikia ni mabega yake tu, na shingo. Alijinyoosha kwenye mkeka kando ya kitanda.

"Vua viatu kwanza," Dada alisema.

Kiraka alikuwa ameshalala, kwa hiyo Dada akashuka kitandani taratibu, akaanza kumvua mwenyewe kwa viganja.