Chai Iliyowanyamazisha Waandishi wa "Mlango wa Nyuma"

Saa tatu kasorobo asubuhi, Jumanne. Foleni ya duka la mikate hapa Brighouse, kaskazini mwa Uingereza, imefika hadi nje, na mvua inanyesha ile isiyo na haraka. Avril Thackray ni wa nne. Zamu yake ikifika, anasogea pembeni na kumpisha aliye nyuma yake. Kisha anampisha na mwingine. Kufika saa tatu na robo amekwisha kuwa wa mwisho mara tatu, na mkononi hana hata mkate.

Mbele yake wanawake wawili wanalizungumzia goti la mume wa mmoja wao.

"Daktari kamwambia atembee."

"Akatembea?"

"Akatembea. Mpaka baa."

Bibi Avril anatoa bahasha kuukuu mfukoni na kuchora vijistari viwili kwa penseli. Kijistari kimoja ni tabasamu, viwili ni kicheko, na duara ni kimya.

"Na kurudi je?"

"Kurudi likamuuma, akaletwa na teksi."

Bibi Avril anakifuta kijistari kimoja. "Angeishia baa," ananong'ona. "Teksi imeharibu."

Pauline Sugden, mwenye duka, keshamwona. "Bibi Avril, leo unanunua au uko kazini?"

"Niko kazini, mwanangu. Nipe pai moja ya nyama, nisionekane mwizi."

"Mwizi ndiye wewe! Goti la Keith wa watu utalipeleka kwenye televisheni."

"Goti la Keith halina kipaji."

Duka zima linacheka. Pauline anaifunga pai, lakini haiachii. Anainama juu ya meza na kushusha sauti. "Na ile fomu, bibi? Ijumaa ndiyo mwisho. Bila sahihi yake hatuna onyesho."

Bibi Avril anaiangalia ile pai. "Fanya mbili," anasema.

Vijana wa leo wakimwona foleni wanafikiri ni bibi mmoja tu aliyekosa wa kuzungumza naye. Lakini waulize waliovuka miaka hamsini. Kati ya 1974 na 1981, Avril Thackray na mwenzake Desmond Haigh waliandika kipindi cha vichekesho cha "Mlango wa Nyuma", sehemu arobaini na moja. Alhamisi saa mbili na nusu usiku mitaa yetu ilikuwa inanyamaza kama kuna msiba, halafu ghafla unasikia kicheko kimoja kinapita ukuta kwa ukuta, nyumba hadi nyumba.

Kilihusu mke na mume, Elsie na Horace, na jikoni lao. Hakukuwa na kingine. Kila aliyeingia aliingia kwa mlango wa nyuma, maana wa mbele, kama tujuavyo, ni wa daktari na jeneza.

Avril alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya kiwanda cha mazulia, kwa pauni ishirini na tatu kwa wiki. Desmond alikuwa mkaguzi wa tiketi za basi. Walikutana kwenye onyesho la Krismasi la klabu ya wafanyakazi ya mtaani, yeye akiwa ameandika kichekesho kimoja na Desmond kingine, na vyote viwili vikahusu shangazi mmoja yuleyule.

"Mimi nilikuwa na masikio, yeye alikuwa na miguu," anasema Bibi Avril.

Miguu, kwa sababu Desmond hakuweza kufikiri akiwa amekaa. Waliandikia jikoni kwa mama yake Avril, kwa mashine ya chapa iliyoazimwa kiwandani Ijumaa na kurudishwa Jumatatu kabla ya king'ora. Avril alipiga chapa, Desmond akatembea kutoka jiko mpaka mlangoni, hatua saba kwenda na saba kurudi, na mama akipiga pasi pembeni huku akimkumbusha kuhusu viatu vyake.

Mama ndiye aliyekuwa mtihani wao. Hakucheka hata siku moja. Walimsomea mstari, naye akaendelea na kola ya shati, halafu kama mstari ulikuwa mzuri sana alisema, "Hiyo kweli." Basi Desmond alikuwa anarusha kofia yake juu ya kabati.

"Nikisikia harufu ya shati lililopigwa pasi mpaka leo," anasema Bibi Avril, "vidole vyangu vinatafuta mashine."

Muswada wa kwanza uliwapatia pauni mia moja na sabini, wagawane. Jumamosi walipanda treni kwenda London na chupa ya chai na mikate ya mayai. Siku ya kwanza studio, bwana mmoja wa tai alimwona Avril amesimama mlangoni akamwagiza chai, sukari vijiko viwili.

"Nikamletea. Vijiko viwili, nimekoroga vizuri kabisa. Kisha nikakaa kwenye kiti cha mwandishi nikasema, haya, tufungue ukurasa wa kwanza. Aliinywa ile chai akiwa mwekundu kama bitiruti."

Jumapili jioni watu mia tatu waliingia kutazama kipindi kikirekodiwa. Avril alisimama nyuma yao na penseli yake. Desmond alikuwa nyuma ya mapazia ya jukwaa, anatembea. Hawakuonana mpaka mwisho, lakini anasema alijua Desmond yuko wapi kwa kila kicheko.

Sasa lile neno, chai, ambalo kwetu kaskazini ni mlo wa jioni, si kikombe tu.

Katika nyumba ya akina Thackray hakuna aliyewahi kuomba radhi. Baba na mama waligombana kama watu wote. Mama alinyamaza siku ya kwanza, akanyamaza ya pili. Ya tatu, akisikia kitasa cha mlango wa nyuma, alisema bila kugeuka, "Chai yako iko mezani." Baba akavua kofia, akakaa, akala viazi vyake na njegere. Yameisha.

Sehemu ya mwisho kabisa ya "Mlango wa Nyuma" iliishia hapo. Horace ameondoka kwa hasira, wiki nzima. Elsie anapanga uma na kisu, anaviondoa, anavipanga tena. Kitasa kinalia. Elsie anasema yale maneno manne, na taa zinazimika.

Wiki ile mama yake Avril alikuwa amelazwa, hali yake si nzuri. Dakika chache kabla ya kurekodi, Avril alikuwa kwenye simu ya ukumbini akimuulizia wodini. Aliporudi nyuma ya watazamaji, mchezo ulikuwa umekwisha kuanza. Akangoja. Kitasa kikalia. Elsie akasema:

"Chakula chako cha jioni kiko mezani, Horace."

Wakubwa wa London walikuwa wameogopa kwamba mtazamaji wa kusini, akisikia chai, atafikiri Horace kawekewa kikombe.

"Chakula cha jioni!" anasema Bibi Avril, na mpaka leo anakitamka kama mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi. "Hicho ni cha hotelini. Mwanamke wa kwetu akimwambia mumewe chakula cha jioni, mume atachungulia sebuleni kama kuna mgeni."

Watu walipiga makofi. Lakini mahali pale ambapo wangevuta pumzi, hawakuvuta. Avril akachora duara. Alipouliza nani aliyebadilisha, akaambiwa ni Desmond aliyekubali. Akatoka akaenda kituo cha treni bila koti, mwezi wa pili, katikati ya baridi.

Mama alikitazama kipindi wodini, kwenye televisheni ya manesi. Akasema, "Yule si wa kwetu," akageukia ukutani. Hakuona Pasaka.

Tangu siku ile waandishi wale wawili hawakusemezana. Mmoja yuko Brighouse, mwingine Elland, maili tano kwa basi. Kila Desemba kadi ilikwenda na kadi ilikuja, maana sisi si washenzi. "Kutoka kwa A. Thackray." "Kutoka kwa D. Haigh." Miaka arobaini na mitatu, kadi themanini na sita, na hakuna aliyeongeza hata nukta.

Kila mmoja alijaribu peke yake. Kipindi cha Desmond kilifutwa baada ya wiki sita, cha Avril baada ya nne. Avril akafanya kazi maktaba miaka ishirini na miwili, na sasa ana miaka themanini.

Ile klabu ya wafanyakazi walikokutana inafungwa mwisho wa mwaka huu. Paa limechoka, na wanachama wamebaki wachache wenye magongo. Pauline wa mikate ndiye katibu wake. Wanachama walipiga kura kwamba usiku wa kuagana waigize ile sehemu ya mwisho, kwa maneno yake ya kwanza. Kampuni ya televisheni ikakubali, kwa sharti moja: fomu iwe na sahihi za waandishi wote wawili. Bibi Avril aliiweka fomu chini ya kibakuli cha siagi, ikakaa wiki sita.

Saa nne na nusu, Jumanne hiyohiyo, anashuka basi Elland na pai zake mbili. Anazunguka nyuma ya nyumba, anafungua mlango, anasimama kwenye zulia dogo.

Desmond Haigh, miaka themanini na minne, mjane, yuko kwenye sinki amempa mgongo.

"Futa miguu," anasema.

"Nimefuta."

"Futa tena. Nasikia matope."

Anageuka. Kifua chake kinapiga filimbi kila akivuta pumzi.

"Umezeeka, Desmond."

"Sikuwa na shughuli nyingine."

Bibi Avril anaweka fomu mezani, na muswada wa zamani pembeni yake. Mzee anavaa miwani, anaisoma mpaka mwisho, hata yale maandishi madogo.

"Maneno ya kwanza. Yaani yako."

"Ya mama yangu."

Desmond anavua miwani. "Walitaka kuifuta yote, Avril. Meza yote. Wakasema watu wamekuja kucheka, si kumtazama mwanamke akipanga uma. Nilikuwa na dakika tano na wewe uko kwenye simu. Nikawaambia, chukueni neno, niachieni meza."

Bibi Avril anatafuta kiti kwa mkono, anakaa. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshaondoka. Bila koti."

"Miaka arobaini na mitatu, mwanaume wewe!"

"Ukaniletea kadi. Mtu akikuandikia 'Kutoka kwa A. Thackray', huyo hajaomba maelezo."

"Ungeandika wewe!"

"Wapi? Kadi zenyewe zilikuwa na kondoo kila mahali."

Hapo Bibi Avril anacheka, na akishaanza hajui kuacha, anajifuta macho kwa kona ya skafu. Desmond anafungua mlango wa chumba cha ndani. Nyuma ya mlango huo limening'inia koti la buluu la mwanamke, lile lililoachwa London, limepigwa brashi.

"Nondo wamelila kola," anasema. "Nilijitahidi."

Anaongeza, taratibu, "Nilikisikia hata mimi, kile kimya cha watu usiku ule. Nilikuwa natembea kule nyuma. Nikasimama."

Wahenga wanasema wagombanao ndio wapatanao. Hawakusema itachukua muda gani.

Bibi Avril anamsogezea kalamu. Desmond anaikunja mikono yake kifuani.

"Sitii sahihi mpaka uguse ukurasa wa kumi na tisa."

"Una nini?"

"Horace anasema kabichi mara tatu. Ya kwanza inachekesha, ya pili inachekesha zaidi, ya tatu ni mboga."

"Tangu lini?"

"Tangu 1981. Imenikaa kooni."

"Tatu ndiyo hesabu ya kichekesho, Desmond, hata mtoto anajua."

"Isome basi. Kwa sauti."

Anasoma. Anasoma tena. Desmond ameshaanza kutembea, kutoka jiko mpaka mlangoni, anashika meza akipita kwa sababu ya kifua. Pai zinapoa. Kufika saa saba na robo kabichi moja imekatwa kwa kalamu nyekundu, fomu ina sahihi mbili, na majirani wamegonga ukuta kuuliza kama kuna mtu anaumwa.

Onyesho ni Novemba kumi na sita. Viti mia moja na ishirini vimekwisha, na Pauline anasema kuna watu wanaotaka kusimama. Elsie ataigizwa na yeye Pauline mwenyewe, ambaye kwa ile kauli ya mwisho haigizi. Huisema kila siku.

Lakini ukimuuliza Bibi Avril kuhusu Novemba, anakujibu haraka haraka kama mtu anayeitwa kwingine. Alhamisi sasa Desmond anakuja Brighouse kwa basi la saa nne. Wameanza kipya, sehemu sita, wazee wawili wanaogawana ukuta na hawaelewani. Wana kurasa kumi na moja. Bibi Avril anataka zote sita ziishe kabla ya majira ya joto, na daktari wa Desmond, akiulizwa kuhusu majira ya joto, huzungumzia hali ya hewa.

Alhamisi iliyopita walikwama kwenye sehemu ya tatu.

"Mzee afe hapa," alisema Desmond, ameegemea jiko kuvuta pumzi. "Watalia, kisha tutawachekesha wakiwa bado wanalia. Ni kazi safi."

"Hafi."

"Avril, ana miaka themanini na minne, kifua kibovu. Unataka akufanyie nini?"

Bibi Avril hakuinua macho kwenye mashine. Alivuta karatasi, akaweka nyingine.

"Akae," alisema. "Nimempata juzi tu."