Verna Hudak Atengeneza Jioni

Verna Hudak alishuka ngazi za kanisa la Kilutheri akiwa na jua kwapani. Jua lenyewe lilikuwa taa ya mezani iliyovikwa karatasi ya plastiki ya rangi ya machungwa. Mkono wa pili ulishika stendi ya kamera, na kamera ilining'inia shingoni ikimgonga kifua kila ngazi, kana kwamba nayo ilikuwa na haraka.

Chini kule klabu ya reli ndogo za mfano ilikuwa na siku yake ya kuendesha treni. Wageni wa vilabu vya jirani walikuwa wamefika, mikate ya nyama ya nguruwe imepangwa mezani, chungu cha kabichi na tambi kinatoa mvuke. Reli ilizunguka chumba kizima kwa kimo cha kifua, ikipita katikati ya milima ya plasta, juu ya daraja, kando ya mgodi wa makaa, mpaka pembeni, bondeni, ulipokaa mji wa Ferris Notch. Nyumba ya kawaida ya mji ule ingeenea ndani ya kikombe cha chai.

Ferris Notch ulikuwa kazi ya Thurman Bechtel. Aliujenga nyumba baada ya nyumba, kwa kumbukumbu tu, kwa sababu mji wa kweli, ule alikozaliwa, haupo tena. Barabara kuu ilipita juu yake, na leo malori yanapita kwa kasi mahali ambapo mama yake alikuwa akikaanga mayai. Sasa Thurman naye alikuwa anaondoka. Binti yake Colleen angekuja saa kumi jioni kumchukua aende kukaa naye Arizona, maana macho yake yalikuwa yameliwa katikati. Aliona kingo za vitu. Kitovu cha kila kitu kilikuwa ukungu. Mji wake mwenyewe, kwa udogo wake, ulikuwa umekwisha kumpotea. Aliweza kuugusa, si kuuona.

Lakini majira ya baridi yaliyopita, katika ukumbi wa juu, Verna alimwona akitazama mpira kwenye televisheni kubwa ya kanisa. Alikuwa amegeuza kichwa pembeni kama kuku anayepima punje ya mahindi, na alikuwa akimtukana mwamuzi kwa makosa ambayo mwamuzi kweli aliyafanya. Tangu siku hiyo Verna hakuwa na raha. Kama angeweza kuupiga Ferris Notch picha nzuri, saa ile ya jioni aliyokuwa akiisimulia Thurman kila mara, kisha akaitandaza kwenye kioo kile kikubwa, basi huenda mzee angeiona mara moja kabla ya kuondoka. Na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho.

Verna alikuwa dereva wa basi la shule mpaka alipostaafu. Watu hudhani kazi hiyo ni ya kuvumilia kelele. Kwake ilikuwa kazi ya giza. Asubuhi za Januari, kabla hajampakia mtoto wa kwanza, alipita peke yake kwenye vilima akitazama madirisha ya jikoni yakiwaka moja moja. Alijua nyumba ya taa nyeupe kali, nyumba ya taa ya njano, nyumba ambayo taa yake ilikuwa bluu kwa sababu mtu alilala mbele ya televisheni. Mume wake Leonard alipofariki, dirisha la jiko lake mwenyewe ndilo lililomwia gumu kuliwasha. Alikuja klabuni mara ya kwanza kuleta mikate, akaona nyumba za Thurman zina madirisha lakini hazina taa, akauliza kama wote wamekufa humo ndani. Wiki iliyofuata alirudi na waya.

Wakafanya kazi pamoja miaka mingi, na katika miaka hiyo yote Thurman hakumsifu hata siku moja. Taa ya kituo ilikuwa kali mno. Taa ya baa ilikuwa nyekundu kuliko adabu. Hivyo ndivyo alivyoonyesha kwamba ametazama. Macho yalipoanza kumwacha, akaanza kusema, "Nzuri sana, Verna, nzuri sana," kwa kila alichoonyeshwa, na kila mara neno hilo lilimchoma Verna kama sindano. Mtu aliyekuwa akiona asingesema hivyo.

Alitega stendi mbele ya mji, akawasha jua lake upande wa kushoto, akapiga. Kisha akachomeka kamera kwenye televisheni, ambayo vijana wa kwaya walikuwa wameishusha kwa jasho, na picha ikatokea. Wageni wakaguna. Nyumba zilionekana kubwa kama nyumba. Lakini Duane Reichert, aliyekaa kwenye meza ya kuongozea treni na vipokea sauti masikioni, alikohoa.

"Verna, hebu niambie kitu, mama. Mnara wa kanisa la mji wenu huo huwa unatupa kivuli mawinguni?"

Kweli. Kivuli cha mnara kilikuwa kimelala juu ya mbingu iliyochorwa ukutani, cheusi, kirefu, kama mtu amechora mstari kwa makaa. Chumba kizima kilicheka. Thurman, aliyeketi mbele ya kioo na kichwa pembeni, hakucheka. Alitabasamu kwa upole.

"Nzuri sana, Verna," alisema.

Moyo ukamshuka, lakini mikono ilikuwa imeshaanza kazi. Mlima uliokuwa nyuma ya mji ulikuwa tupu ndani, wavu na plasta tu, na kati yake na mbingu kulikuwa na nafasi ya kupitisha mkono. Akaliondoa jua pale kushoto, akalizamisha nyuma ya mlima, chini kabisa. Vivuli vyote vikageuka vikamjia yeye, barabarani, na kileleni ukabaki mstari mwembamba wa moto. Alifunika taa ya pili kwa kitambaa cha bluu, akaielekeza darini ili bluu idondoke polepole juu ya mapaa. Hata kwa macho ya kawaida ilianza kupendeza. Mgeni mmoja aliacha mkate wake nusu akaja kutazama.

Tatizo lilikuwa dari. Mirija ya taa za chumba ilikuwa inamwaga mwanga mweupe juu ya kila kitu, na ndani ya mwanga ule taa ndogo za madirishani zilikuwa kama nyota za mchana. Alihitaji giza. Tena alihitaji utulivu, maana gizani kamera lazima iache jicho wazi nusu dakika, mara kadhaa, moja kwa nyumba za mbele na nyingine kwa za nyuma, na kila treni iliyopita ilitetemesha mbao.

Akamwendea Duane akamwomba asimamishe reli.

Duane alikuwa mfamasia mstaafu ambaye hakuwahi kufanya kazi ya reli maishani mwake, na labda ndiyo sababu alikuwa mkali kuliko watu wa reli wa kweli. Siku ya kuendesha yeye ndiye aliyeongoza treni zote. Ukutani juu yake palikuwa na saa ya klabu, inayokimbia mbio: dakika moja ya watu ni dakika sita za treni. Saa ile ikishaanza, haisimami mpaka siku ya reli imalizike, isipokuwa kwa ajali. Hiyo ilikuwa kanuni.

"Umeishikilia treni yangu ya abiria hapo kituoni kwa saa mbili na nusu," alisema, akionyesha ukutani. "Kuna watu humo ndani wanataka kufika makwao."

"Ni wa plastiki, Duane."

"Wana ratiba."

Verna alimkumbusha kwamba Colleen yuko njiani. Duane akasema anajua, na kwamba siku yote ile imeandaliwa kwa heshima ya Thurman, na heshima kwa mtu wa reli ni treni kufika kwa wakati. Kanuni ile nani aliitunga? Thurman mwenyewe. Verna akabaki amesimama, kitambaa cha bluu mkononi, akihisi jioni yake inamponyoka.

Thurman alikuwa amesikia. Aliinuka kwenye kiti, akaweka mkono wa kushoto kwenye ukingo wa mbao wa reli, akaanza kutembea. Hakuna aliyemwongoza. Vidole vyake vilipita daraja, vikapita kisima cha maji, vikahesabu miti. Kwenye kona ya mgodi alisimama akasikiliza treni ndefu ya makaa ikija inalalamika kilimani. Akaiacha injini ipite, na mabehewa kadhaa nyuma yake. Kisha, kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayefuta makombo mezani, akasukuma.

Behewa likaenda upande, likavuta la nyuma yake, na yote yakalala mteremkoni kwa kishindo kidogo kama cha karanga zinazomwagika. Makaa yakatawanyika mpaka kwenye viatu vya watu.

Duane alivua vipokea sauti.

"Mzee, umefanya nini?"

"Mimi? Mimi ni kipofu," alisema Thurman. "Nadhani kuna ajali."

Duane alimtazama, akamtazama Verna, akatazama saa yake inayokimbia. Mdomo ulikuwa umembana, lakini kanuni ni kanuni. Aliisimamisha saa, akashika kipaza sauti akatangaza kwa sauti rasmi kabisa kwamba treni zote zisimame mahali zilipo mpaka njia isafishwe. Halafu akainuka mwenyewe akaenda kuzima taa za dari.

Ndipo jioni ikaingia Ferris Notch. Verna alisikia wageni wakivuta pumzi wote kwa pamoja. Mlima ulikuwa mweusi na kilele chake kinawaka. Mapaa yalikuwa ya bluu. Na chini, moja moja, madirisha: njano, nyeupe, ile nyekundu ya baa, jiko la nyumba ya tatu, ya mama yake Thurman. Ndani ya behewa la abiria vichwa vidogo vilionekana, vinasubiri. Alibonyeza. "Mtu asikohoe," alinong'ona, na wanaume wazima wakaziba midomo kwa mikono, mmoja akiwa na kabichi ambayo hakuthubutu kuimeza. Akabonyeza tena. Na tena.

Akazipeleka picha kwenye kompyuta ya klabu, ikaziunganisha kuwa moja. Mlango wa juu ukafunguliwa, viatu vya Colleen vikaanza kushuka ngazi. Kisha mji ukajaa kwenye kioo, mpana kama dirisha.

Thurman aligeuza kichwa pembeni, akakisogeza kidogo, akakirudisha. Verna alisimama nyuma ya kiti, na alichokuwa akiomba kimoyomoyo ni kwamba asisifu. Jicho la mzee lilipanda barabara polepole, kutoka kituoni, kupita baa, hadi nyumba ya tatu, likakaa hapo. Midomo ilicheza. Kisha uso wake ukakunjamana.

"Nani ameacha nguo kwenye kamba mpaka saa hizi?" alisema. "Mama yangu hakuwahi kulaza nguo nje. Umande wote huo. Watu watasemaje?"

Verna alifunika uso kwa kitambaa cha bluu. Zilikuwepo: shuka mbili na suruali ya mtoto, vipande vya karatasi vidogo kuliko kucha, nyuma ya nyumba ya tatu.

"Ni wewe mwenyewe uliyezianika," alisema alipopata sauti.

"Mchana. Nilizianika mchana. Wewe umeleta jioni, ilikuwa kazi yako kuanua."

Verna akachukua kibano, akaingiza mkono juu ya mapaa, akaanua shuka ya kwanza, ya pili, na suruali, huku Thurman akilalamika nyuma yake kwamba taa ya kituo bado ni kali mno, kama alivyokwisha kumwambia, na Colleen akiwa amesimama chini ya ngazi na funguo za gari mkononi. Duane alisubiri mpaka kibano kitoke. Kisha akawasha saa yake, na treni ya abiria, iliyochelewa karibu saa tatu za ukutani, ikaondoka Ferris Notch.