Dirisha la Vioo Viwili

Nilirudi Burundi kutoka Tanzania nikiwa fundi wa kila kitu, hasa nisichokijua. Mama Furaha, mfanyabiashara kutoka Uvira, alitaka dirisha la vioo viwili nyumbani kwake Gitega, maana jirani ana mashine ya kusaga yenye kelele. Muuzaji wa vioo alishauri vya unene tofauti, ndivyo vinavyozuia sauti. Mimi, profesa, nikachagua viwili vyembamba. Kioo ni kioo.

Siku ya kukabidhi, nilitangaza mbele ya majirani waliotaka madirisha kama hayo: “Mama, baki nje uniite kwa nguvu zote. Sitasikia kitu.” Nikajifungia ndani, uso wa kiziwi.

Hakupaza sauti. Alisema polepole, “Fundi, we iko hapo?”

Nimelelewa vizuri. Mkubwa akiita, unaitika.

“Naam, mama.”