Harufu Tuliyoinyamazia

Nakumbuka, mwanangu, siku ambayo nusura nimuue baba mkwe wangu kwa heshima. Usicheke. Weka kwanza hiyo simu mfukoni. Najua humo mna video za kufunga injini ya kila lori duniani, lakini video haina pua, na habari yangu ni ya pua.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi kamili kwenye gereji ya Mzee Ezekieli hapa Kamenge. Yeye alikuwa mtu wa Uvira, na ndiye aliyenifundisha kazi. Nilikuwa nampenda Esperansi, huyu huyu mama yenu anayewaletea chai gerejini na kuwagombeza kwa mikono michafu. Baba yake, Mzee Nestori wa Kinanira, alikuwa na lori la kupandisha saruji Bugarama, kule mlimani, na kushusha viazi. Injini ikafa. Akanunua nyingine, iliyotolewa kwenye lori la aina tofauti kabisa, akaja kumwambia bosi wangu mbele yangu: "Mupe uyu kijana anayetaka binti yangu. Tuone mikono yake."

Sasa ngoja nikuambie kilichonichoma roho. Jumamosi ile watu wangu walikuwa waende kwake kufata irembo, yaani kupiga hodi rasmi na kumwomba binti. Mimi nikaapa kwamba lori lazima lingurume kabla ya Jumamosi. Haraka haraka haina baraka, nilikuwa nalisikia hilo tangu utotoni, ila nilidhani wanaambiwa wapishi.

Injini ngeni haikubali tu kukaa kwenye lori la watu. Miguu yake haikukutana na vishikio vya chesisi. Ilinibidi nikate vya zamani, nipime, nichomelee vipya, halafu katikati niweke zile raba nene za kubebea injini, tunazoziita silambuloke, ambazo humeza mtikisiko. Raba zake hazikuwepo mjini, ilibidi zingojewe wiki nzima. Basi nikakata vipande vya tairi kuukuu, kama wanavyokata washona viatu, nikavipanga vitatu vitatu. Bomba la moshi nalo sasa lilitokea upande wa pili, chini ya miguu ya shoferi. Badala ya kulining'iniza kwa raba ili licheze pamoja na injini, nililibana kwa bolti kwenye chesisi.

Mzee Ezekieli akainama kuchungulia. "Moteri yako inacheza, bomba yako aichezi," akasema. "Kimoja kitavunjika."

Nikamwambia nitalijaribu lori barabarani. Nikalijaribu kweli: nilienda nalo Kibenga, kando ya ziwa, barabara tambarare, lori tupu, nikipiga honi kwa furaha. Niliporudi akaniuliza nimelijaribu wapi, nikamtajia. Akatikisa kichwa.

"Kamyo umeijaribu mu kitanda. Kesho mzee anapandisha saruji, na we utakaa mu kabini. Mwenye kufunga moteri ndiye anaipandisha mulima wa kwanza."

Hiyo ilikuwa sheria ya gereji yake, na wakati ule niliiona kama adhabu.

Kesho yake tukaanza kupanda, Mzee Nestori kwenye usukani, mimi pembeni nimebana magoti. Unajua tulivyo: mbele ya baba wa binti, hata kikohozi unakiombea ruhusa. Mvua ikaanza, baridi ya mlimani ikashuka, tukafunga vioo. Nyuma yetu vijana wa baiskeli walikuwa wameshika lori liwavute, kama kawaida ya kilima kile.

Kwenye kona ya tatu nikasikia harufu. Niliijua papo hapo. Lakini Jumamosi ilikuwa keshokutwa, na mtu aliyekuwa pembeni yangu ndiye angesema ndiyo au hapana. Nikajiambia ni moshi wa lori lililotutangulia. Mbele yetu hapakuwa na lori.

Mzee akatoa leso, akafuta macho. "Baridi ya uku inatoa machozi," akasema.

"Ndiyo, baba," nikajibu, na yangu yanatiririka. "Baridi."

Tukaendelea hivyo, kona baada ya kona, wote wawili tukiisingizia baridi. Kichwa kikaanza kuniuma, kisha kikawa kizito. Maneno ya mzee yakapungua. Mara nikaona kidevu chake kinashuka kifuani, na lori linavutwa polepole kuelekea upande wa bonde. Nikapiga kelele: "Baba, simama!" Nikavuta breki ya mkono kwa nguvu zangu zote. Yeye akashtuka, akakanyaga breki. Gurudumu la mbele lilisimama hatua moja kutoka ukingoni. Nilipima kwa mguu wangu mwenyewe.

Tulitoka tukikohoa, tukaketi kwenye mvua. Kijana mmoja wa baiskeli akaja, akachungulia chini. "Moshi yote iko inatokea apa mbele," akasema kwa mshangao. "Sisi nyuma leo tumepumua muzuri sana!"

Vipande vyangu vya tairi vilikuwa vimebonyea, injini imelala upande, na bomba lisilocheza lilikuwa limepasuka pale linapoungana nayo. Moshi wote ulipanda kwenye tundu la gia hadi puani mwetu. Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kutamani kushuka bondeni mwenyewe.

"Baba," nikamwambia, "harufu nimeisikia tangu kona ya tatu. Nilinyamaza. Niliogopa utaninyima Esperansi."

Akajifuta uso kwa leso yake. "Na mi niliisikia," akasema. "Nikasema apana, uyu ni fundi, ni mukwe, nisimupatishe haya." Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akashika mbavu, nami nikalia. "Tungezikwa na adabu yetu, mutoto wangu!"

Irembo likaahirishwa. Esperansi alininunia siku mbili, ya tatu akaniuliza, "Ungeua baba yangu, mi ningekupenda namna gani?" Nikarudi gerejini, nikashika spana. Nilifungua kila kitu upya. Nikazingoja raba zenyewe, nikachomelea vishikio kwa kipimo, nikalitundika bomba mbali na sakafu, likicheza na injini yake. Kisha tukapanda hadi Bugarama, lori limejaa saruji, vioo tumefunga kwa makusudi, tukinusa kila kona. Hewa ilikuwa safi. Tulikula mishikaki huko juu, na kwa mara ya kwanza nilitafuna mbele yake bila woga.

Siku ya irembo wazee wakamuuliza Mzee Nestori anamjuaje kijana huyu. Akainuka na kusema: "Uyu alifunga moteri yangu vibaya. Lakini alinipigia kelele nisimame, akasema kosa ni lake. Binti yangu anaweza kuishi na mutu kama uyo."

Basi sikia, mwanangu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nusura nikose mke na watoto kwa kuficha ufa wa bomba. Kosa la mikono kila fundi hulifanya, wewe pia utalifanya, na spana italirekebisha. Baya ni lile unalolinusa ukaliita baridi kwa sababu mkubwa yuko pembeni. Kumheshimu mkubwa ni kumwambia asimame. Na kazi yako ukishaimaliza, usiipeleke Kibenga. Ipandishe mlima, nawe uwe ndani.

Mungu akupe mikono mitulivu na pua kali. Akupe ukwe wenye kicheko kama wangu. Na siku harufu itakapoingia, akufungue mdomo kwenye kona ya kwanza.